Jaketi Lile Halikuwa la Pamba

Julai 2019, dunia ilipoadhimisha miaka 50 tangu binadamu akanyage Mwezini, niliandika makala fupi kwenye gazeti nililokuwa nikifanyia kazi. Maneno 600 na picha moja. Picha ilimwonyesha Buzz Aldrin ndani ya chombo cha Apollo 11, bila lile vazi kubwa la kutembelea Mwezini, kavaa nguo nyeupe tu. Chini ya picha nikaandika kwamba mwanaanga huyo amevaa jaketi jeupe la pamba.

Hakuna aliyeniambia ni pamba. Sikuisoma popote. Niliona nguo nyeupe, nikaona imekunjamana kidogo, mkono ukaandika "pamba" wenyewe. Mhariri akapitisha. Kesho yake gazeti likafungiwa vitumbua, maisha yakaendelea.

Siku mbili baadaye ukaingia ujumbe kwenye simu kutoka namba nisiyoijua: "Mwandishi, shikamoo kama ni mkubwa, marahaba kama ni mdogo. Jaketi la kwenye picha yako si pamba. Pamba haikunjiki hivyo. Mimi fundi cherehani, mwaka wa arobaini huu. Ukiwa na nafasi pita Ilala nikuonyeshe."

Nilicheka, nikampelekea mwenzangu wa dawati la michezo naye akacheka. Lakini nilijua kabisa kwamba sina jibu. Baada ya wiki tatu nikaenda.

Somo la Ilala

Nilimkuta barazani, cherehani ya miguu mbele yake, miwani imeshuka puani. Nikamwamkia. Alikuwa ameikata ile picha gazetini na kuibandika ukutani kwa pini, kando ya kalenda. Hakunilaumu. Aliniuliza kama nimekula, kisha akafungua kiroba cha vipande akatoa vinne: marekani, tetroni, nailoni ya mwavuli uliokufa, na kipande cha turubai.

"Kunja kila kimoja kwenye ngumi, hesabu mpaka kumi, achia."

Nikafanya hivyo. Vipande vikalala mezani, kila kimoja na sura yake.

"Sasa vipige picha kwa simu yako. Kisha vitambaa nitavificha. Tazama picha tu."

Nimekaa darasani miaka mitatu nikisomea uandishi wa habari na sijawahi kufundishwa kutazama picha namna ile. Marekani ilikuwa na mikunjo midogo midogo mingi, imekatizana kama kiganja cha mzee, na mwanga umeenea juu yake bila kung'aa popote. Tetroni ilikuwa imeshaanza kujinyoosha, mikunjo michache na laini. Nailoni ilikuwa na mistari mirefu ya mng'ao iliyofuata kila mgongo wa mkunjo, kama maji yanayoteleza. Turubai lilikuwa limevunjika pembe kali, linasimama lenyewe, halitaki kulala.

"Rangi isikudanganye," alisema. "Rangi ni mali ya mpiga picha. Mkunjo ni mali ya kitambaa."

Kisha akaniongeza jaribio ambalo mafundi wote wanalijua. Alichomoa uzi mmoja kutoka kila kipande akauwasha kiberiti. Wa pamba uliungua kama karatasi, ukaacha majivu mepesi na harufu ya karatasi. Wa nailoni haukuungua hivyo: ulijikunyata, ukayeyuka, ukawa shanga ndogo ngumu nyeusi. "Ukitaka kujua nguo imetengenezwa na nini, ichome," akasema. "Lakini picha huwezi kuichoma."

Nikamwonyesha jaketi la Aldrin. Basi lile ni nini?

Akalitazama kwa muda. "Hilo silijui. Si pamba, si tetroni, si nailoni. Lina ukaidi. Limesimama kama karatasi, lakini mng'ao wake si wa karatasi. Wewe ndiye msomi. Nenda katafute."

Watu wa pwani na nguo za Wamarekani

Huenda mtu akaona ajabu fundi wa Ilala kushughulikia nguo za Wamarekani. Si ajabu hata kidogo. Lile neno "marekani" alilolitaja ni jina la kitambaa kabla halijawa kitu kingine chochote midomoni mwa babu zetu. Katika karne ya 19 merikebu kutoka Salem, Massachusetts, zilileta Unguja shuka za pamba ambazo hazijapaushwa, zikarudi na pembe za ndovu na gundi ya sandarusi. Mwaka 1833 Sultani Said bin Sultan alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 ubalozi mdogo wa Marekani ukafunguliwa Unguja. Kitambaa kile kikaingia bara na misafara mpaka kikawa kama sarafu. Mpagazi alilipwa kwa marekani, mtemi alilipwa ushuru kwa marekani.

Na mnunuzi wa wakati ule alikuwa mkali. Alikishika, akakivuta, akakinusa, akahesabu uzito wa nyuzi. Walipotokea Waingereza na Wahindi na vitambaa vya kuiga, watu walivitambua. Kwa hiyo kukagua kitambaa cha Mmarekani na kusema "hiki sicho" ni kazi ya kale kwenye pwani hii.

Hata safari za anga zenyewe zilipita hapa. Mradi wa Mercury, ule wa kwanza wa NASA kurusha watu, ulikuwa na kituo cha mawasiliano Tunguu, Unguja. John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, Zanzibar ilikuwa mojawapo ya vituo vilivyozungumza naye kutoka ardhini. Vyama vya siasa vilikilalamikia kituo kile, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Wamarekani wake walihamishwa, kikafungwa mwaka huohuo. Hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Naitaja ili tusidhani jaketi hili linatoka sayari ya watu wengine.

Kusoma majaketi pichani

Nilirudi ofisini nikaanza kuchimba. Bahati nzuri picha za NASA ni mali ya umma, na nyingi zimechanganuliwa upya kwa ubora mkubwa kiasi kwamba ukizikuza unaona mshono. Nilianza na za zamani nikaja mbele, nikimkumbuka mzee na ngumi yake.

Kabla ya wanaanga kulikuwa na marubani wa jeshi, na rubani wa jeshi la Marekani miaka ya 1930 alivaa ngozi. Jaketi la A-2, lililoanza mwaka 1931, halina shida kulitambua pichani. Ngozi haikunjiki kama kitambaa. Inavunjika mistari mizito kwenye kiwiko na mistari ile haiondoki, kwa sababu ngozi inakumbuka mkono wa mwenye nguo. Jeshi la wanamaji nalo lilikuwa na G-1, lenye kola ya manyoya. Ukiona manyoya shingoni na chembechembe za ngozi begani, umemaliza kazi.

Zikaja ndege za jeti. Chumba cha rubani kikawa chembamba, ndege ikaruka juu zaidi kwenye baridi kali, na ngozi iliyolowa mvua ikawa inaganda. Ndipo nailoni ikachukua nafasi. Kampuni ya DuPont ilikuwa imeitangaza nailoni mwaka 1938, na baada ya vita jeshi la anga likashona jaketi la MA-1, lile ambalo leo limejaa kwenye mitumba yetu kwa nakala zake: fupi, limejaa hewa, lastiki kiunoni na mikononi, kijani kilichofifia nje na, kuanzia miaka ya 1960, bitana ya rangi ya chungwa ndani. Bitana ile haikuwa urembo. Rubani aliyeanguka aligeuza jaketi nje-ndani ili waokoaji wamwone.

Wanaanga saba wa kwanza wa Marekani, waliotangazwa tarehe 9 Aprili 1959, wote walikuwa marubani wa jeshi, na pichani wanaonekana na nguo za majeshi yao. Hapa somo la Ilala linafanya kazi vizuri. Nailoni ya majaketi yale ina ule mng'ao unaoteleza juu ya mgongo wa mkunjo, hata kwenye picha ya nyeusi na nyeupe. Begani inavimba, haigandi mwilini. Mishono haijafinyana. Pamba ikifuliwa hujikunja, ndiyo maana mshono wa shati la pamba huwa na mawimbi madogo. Nailoni hairudi hivyo, mshono wake unabaki umenyooka.

Rangi kweli inadanganya. Filamu ya rangi ya zamani hufifia kila rangi kwa kasi yake, na mchanganuaji wa leo naye anarekebisha anavyopenda. Jaketi moja linaweza kuwa bluu kwenye picha hii na kijivu kwenye ile. Danganyo kubwa kuliko yote ni zile nguo za fedha za Mercury. Kila mtoto akiziona anasema ni za bati. Kumbe ni nailoni iliyopakwa alumini, marekebisho ya vazi la marubani wa jeshi la wanamaji. Ukitazama magoti ya mwanaanga aliyeketi unaona: bati lingejikunja likabaki limekunjika, lakini pale kitambaa kinateleza na kurudi. Fundi wangu angeling'amua kwa sekunde mbili.

Nikaendelea mbele. Gemini, 1965 na 1966: mavazi ya nje yamekuwa meupe, na mng'ao wa fedha umekwisha. Weupe ule ni wa Nomex, uzi wa DuPont ambao wakati ule uliitwa HT-1. Pichani Nomex ni mkavu, hauna ule utelezi wa nailoni. Unafanana na khaki nzuri iliyopigwa pasi. Sifa yake kubwa haionekani kwenye picha: hauyeyuki. Ukiushika moto unakuwa mkaa. Nailoni huyeyuka ikifika takriban nyuzi joto 260 na kugandia ngozi ya aliyeivaa.

Nikadhani nimepata jibu. Jaketi la Aldrin litakuwa la Nomex. Nikakuza picha ya 1965 na ya 1969 nikaziweka pamoja, na haikuwa kweli. Nguo ya 1969 ilisimama tofauti. Mikunjo yake ilikuwa na pembe kama za turubai jembamba, na weupe wake ulikuwa wa lulu, kama sahani ya kaure. Kati ya picha hizi mbili kitu kilitokea.

27 Januari 1967

Jioni ya siku hiyo, Cape Kennedy, Florida, wanaume watatu walikuwa wamelala chali kwenye viti vya chombo cha Apollo juu ya roketi isiyo na mafuta: Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee. Hawakuwa wanaenda popote. Lilikuwa zoezi tu. Mlango umefungwa, na ndani wamejaza oksijeni tupu, kwa mgandamizo uliozidi kidogo ule wa hewa ya nje.

Hewa tunayovuta mimi na wewe ina oksijeni asilimia 21 tu, na hiyo ndiyo inayofanya kiberiti kiwe kitu cha kuchezea. Kwenye oksijeni tupu sheria nyingine inatawala. Nomex, ambao kwenye hewa ya kawaida moto ukiondolewa unazimika, huendelea kuungua oksijeni ikizidi takriban asilimia 30. Mle ndani ilikuwa 100. Na kulikuwa na vitu vingi vya kuungua: nyavu za nailoni za kuzuia vitu visianguke, vipande vya kubandikia vya Velcro, povu, nguo zenyewe.

Saa 12 na dakika 31 jioni sauti ikasikika redioni ikisema kuna moto. Mlango ulifunguka kwa ndani, na hewa iliyopanuka kwa joto iliukandamiza mahali pake. Mawasiliano yalikatika ndani ya sekunde chache. Waliokuwa nje walihitaji kama dakika tano kuufungua. Wote watatu walikuwa wamekufa. Nailoni iliyoyeyuka ilikuwa imegandisha nguo zao na vitu vya mle ndani, na ikachukua muda mrefu kuwatoa.

Hawakuwa wa kwanza. Machi 1961, wiki tatu kabla Gagarin hajaruka, kijana wa Kisovieti aitwaye Valentin Bondarenko, miaka 24, alikuwa ndani ya chumba cha mazoezi chenye oksijeni nyingi. Alijifuta ngozi kwa pamba yenye spiriti, akaitupa, ikaangukia jiko la umeme. Nguo zake zikawaka. Alikufa tarehe 23 mwezi huo. Nchi yake iliificha habari hiyo mpaka mwaka 1986. Kipande cha pamba tu. Niliposoma hapo nikakumbuka maneno yangu chini ya picha, nikasikia aibu ambayo sikuisikia nilipopokea ujumbe wa mzee.

Kwa sababu sasa nilielewa nilichoandika. Kusema Aldrin alivaa pamba Julai 1969 ni kusema kwamba moto wa Januari 1967 haukumfundisha mtu kitu.

Nguo ya kioo

Jaketi lile ni la kioo.

Baada ya moto, wahandisi wa Houston waliamua kutafuta kitambaa kisichoweza kuungua hata kwenye oksijeni tupu, na vitambaa vya kawaida vyote vikaanguka. Kilichobaki ni kile ambacho kimeshapita motoni: kioo. Kampuni ya Owens-Corning ilikuwa na nyuzi za kioo nyembamba sana, chini ya mikroni 4, ambazo ni nyembamba mara nyingi kuliko unywele, zikiitwa Beta. Uzi mwembamba hivyo unaweza kupinda bila kuvunjika. Shida ni kwamba zikisuguana zinakatika, na vipande vyake huwasha ngozi na kupeperuka hewani. Kwa hiyo zilifunikwa kwa Teflon, ileile ya kwenye vikaango. Frederick Dawn, mtaalamu wa vitambaa wa NASA, ndiye anayetajwa zaidi katika kazi hiyo.

Kitambaa cha Beta hakiungui. Kinastahimili zaidi ya nyuzi joto 600. Apollo 7 iliporuka na watu Oktoba 1968, tabaka la nje la mavazi makubwa lilikuwa la Beta. Na nguo za ndani ya chombo, jaketi na suruali ambazo wanaanga walizivaa walipovua yale mavazi mazito, zilikuwa za Beta pia. Wakati wa kupaa sasa walichanganya oksijeni na naitrojeni, lakini njiani hewa iligeuka kuwa oksijeni kwa mgandamizo mdogo. Hatari ilipunguzwa, haikuondolewa. Ndiyo maana ya jaketi.

Sasa rudi kwenye picha. Pembe kali za mikunjo ni za kioo kinachokataa kulala. Weupe wa lulu ni wa Teflon. Na kuna alama moja nyingine ambayo ukiionyeshwa hutaisahau: nembo. Kwenye majaketi ya mazoezi, ya sherehe na ya kuuza madukani, nembo ya safari imetariziwa kwa uzi. Ina unene, ina kivuli ukingoni, nyuzi zake zinang'aa upande mmoja. Kwenye nguo zilizoruka na Apollo, nembo imechapwa kwa wino juu ya kipande cha Beta na kushonwa kifuani. Haina unene. Iko bapa kama stempu ya posta. Uzi wa kutarizi ungekuwa utambi wa kuanzishia moto.

Kwa hiyo pichani, kabla hujahangaika na mikunjo, angalia kifua. Nembo yenye kivuli ni ya nguo ya ardhini. Nembo bapa kabisa juu ya kitambaa cheupe kikaidi, huenda unatazama nguo iliyofika kwenye Mwezi.

Miaka iliyofuata unaweza kuisoma vivyo hivyo. Kwenye kituo cha Skylab, 1973 na 1974, wanaanga wanaonekana na nguo za kahawia yenye udhahabu. Mtu atadhani ni mtindo wa miaka ya sabini, enzi za bugaluu. Wakati huo walikuwa wamepata nyuzi mpya zinazostahimili moto na zinazovalika vizuri kuliko kioo, na rangi ile inaendana na tabia ya nyuzi za jamii hiyo. Ule uitwao PBI, kwa mfano, una udhahabu wa asili na haupokei rangi nyingine kirahisi. Kisha vyombo vya Shuttle, kuanzia 1981, vikajazwa hewa kama ya chumbani kwako, kwa mgandamizo wa kawaida. Na ghafla, pichani, wanaanga wamevaa fulana na kaptula. Za pamba! Pamba niliyoitaja ilikuja kweli, ila miaka 12 baada ya picha yangu.

Ukitaka kujua mwanaanga alivuta hewa gani, tazama shati lake.

Bei ya jaketi

Kuna sababu nyingine ya watu kuhangaika na picha hizi, nayo ni pesa. Tarehe 26 Julai 2022, Sotheby's ya New York iliuza jaketi la Aldrin, lile la Beta alilovaa Apollo 11, kwa dola 2,772,500. Ya Armstrong na Collins yako kwenye makumbusho ya Smithsonian, hayauzwi.

Kwenye bei kama hiyo lazima watokee wajanja. Nakala za majaketi ya wanaanga zipo tele, nyingine zimeshonwa kwa uaminifu kwa wapenzi, nyingine zimezeeshwa kwa makusudi. Wanaokagua hutumia picha kama askari anavyotumia alama za vidole: nembo imekaa umbali gani kutoka zipu, imeinama upande gani, uzi upi umevuka mstari. Hakuna fundi anayeshona nembo mbili mahali pamoja sawasawa. Kosa dogo la mkono wa fundi wa 1969 leo ndilo linalothibitisha kwamba nguo ni yenyewe.

Nimelifikiria sana hilo. Mishono ile ilipita mikononi mwa mafundi ambao majina yao hayako kwenye nembo yoyote. Kifuani limeandikwa jina la aliyevaa.

Kurudi Ilala

Nilimrudia mzee na simu imejaa picha. Nikamwambia ni kioo. Alinyamaza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kioo kinashonwa?"

Nikamweleza habari za nyuzi nyembamba kuliko unywele.

"Kinawasha?"

Nikamwambia kiliwasha, ndiyo maana wakakivika Teflon. Akacheka kwa mara ya kwanza. "Nilijua tu. Kitu chenye ukaidi vile lazima kiwashe."

Nikamwonyesha nembo bapa. Hiyo hakuijua, na alifurahi kama mtu aliyepewa zawadi. Akaikuza, akaipunguza, akamwita kijana wake anayejifunza kazi aje aone. Kisha nikamwambia habari ya moto, kwa kifupi, kwa sababu wateja walikuwa wanasubiri.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Na wale watatu walivaa nini siku ile?"

Nomex nje, nikasema. Ndani nailoni.

Hakusema kitu. Aliitazama ile shanga nyeusi ya nailoni niliyoichoma siku ya kwanza. Bado ilikuwa kwenye kisahani cha pini, hakuitupa. Halafu akasema, "Basi hiyo nguo nyeupe ni ya kwao. Huyu mwingine aliivaa tu."

Sikuweza kuliingiza hilo kwenye gazeti. Nilipeleka masahihisho ya sentensi moja, nikaambiwa hakuna nafasi, na kwamba hakuna msomaji aliyelalamika. Mmoja alilalamika, nikasema, lakini alilalamika kwa kunikaribisha. Sasa sifanyi kazi pale tena, na hapa nafasi ipo. Basi naandika masahihisho yangu, yamechelewa miaka kadhaa:

Katika makala yangu ya Julai 2019 nilieleza kwamba Buzz Aldrin alivaa jaketi la pamba. Jaketi lile halikuwa la pamba. Lilikuwa la nyuzi za kioo zilizofunikwa Teflon, na lilikuwa hivyo kwa sababu ya Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee, walioungua wakiwa ardhini tarehe 27 Januari 1967. Samahani kwa wasomaji, na asante kwa fundi.